Tuisheni ya kuandika Kingereza kwa Madamu, Majengo Moshi: binti yangu kasoma miezi 9, haya ndo niliyoyaona

Wazazi wenzangu wa Moshi, naandika hii kwa sababu kila nikikaa kwenye meza yangu ya mitumba pale soko la Memorial kuna mtu ananiuliza mtoto nimempeleka wapi Kingereza, na nikianza kuelezea anakuja mteja namkatiza katikati, sasa acha niandike yote sehemu moja mtu asome aamue mwenyewe.

Ni darasa la Jumamosi, lipo Majengo, nyumba ya kawaida tu, hamna bango hamna nini, watu wanaita kwa Madamu na ukiuliza bodaboda wa kijiwe cha pale anakupeleka bila maswali. Madamu ni mwalimu mstaafu wa sekondari, mama mtu mzima, na anafundisha kitu kimoja tu, kuandika na kujieleza kwa Kingereza, fom wani mpaka fom foo. Hesabu hafundishi, fizikia hafundishi, hata zile tamthilia na mashairi hagusi, anasema hizo mtoto amalizane na ticha wake shuleni. Bei ni 25,000 kwa mwezi, Jumamosi nne, saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana. Binti yangu alianza mwezi wa pili akiwa fom tuu, na nimelipa mpaka mwezi wa kumi bila kuruka.

Niseme kwanza nilikotoka ili mjue kwanini nasifia. Kabla ya hapo alikuwa anasoma tuisheni nyingine, jina silitaji, kubwa, watoto kama 80 kwenye chumba kimoja, ticha anaandika ubaoni wao wananakili, wakimaliza wanapewa fotokopi ya pasti pepa. Kwenye Kingereza waligawiwa kompozisheni sita na barua nne zimeshaandikwa tayari, kazi ya mtoto ni kukariri. Na wa kwangu alikariri kweli, nilikuwa namsikia usiku anarudia neno kwa neno mpaka nikawa najisikia vizuri, nikasema hela yangu inafanya kazi. Ukaja mtihani wa shule, swali linasema mwandikie mkuu wa shule barua umuombe ruhusa ya siku tatu uende harusi ya dada yako. Binti yangu alikuwa amekariri barua ya kuomba kazi ya unesi hospitalini. Akabadilisha anuani juu, akaandika ile ile. Yani kwa kichwa cha habari anaomba ruhusa ya harusi, alafu ndani anamwambia mkuu wa shule kwamba ana uzoefu wa kutosha na yuko tayari kuitwa kwenye usaili siku yoyote. Alipata maksi 2 kwenye 15. Nilimuuliza mwanangu hukuona kwamba haviendani? Akaniambia mama, mi sikuwa najua maana yake, nilikuwa najua tu inaanzaje na inaishaje.

Hilo jibu lilinikaa siku nyingi. Mtoto kasoma miaka saba ya msingi shule ya serikali kwa Kiswahili, kila kitu Kiswahili, Kingereza ni somo moja tu la kupita, alafu Januari anaingia fom wani anakuta historia Kingereza, jiografia Kingereza, baiolojia Kingereza, kwa Kiswahili kinabaki Kiswahili chenyewe na kidogo sana kingine. Zile pre fom wani za kati ya mtihani wa la saba mwezi wa tisa na kufungua shule Januari zinasaidia kidogo, lakini miezi mitatu haiwezi kufanya kazi ya miaka saba. Kwahiyo mtoto anakariri maana hamna njia nyingine anayoiona, na walimu wa shule siwalaumu, mkondo wa binti yangu wana watoto 70 na kidogo, mwalimu akiwapa insha moja moja wote amekwisha, lini atasahihisha. Anatoa maswali ya kujaza nafasi maana ndo yanasahihishika.

Sasa kwa Madamu. Siku ya kwanza nilienda naye, nilitegemea atampa mtihani wa gramar amuone yuko wapi. Hakumpa. Alimkalisha akamwambia kwa Kiswahili, niambie mwanangu, ukitaka kumuomba mama yako hela ya viatu unaanzaje? Binti akaelezea, kwamba kwanza namuangalia kama amechoka, nasubiri ale, alafu namuonyesha kiatu kilivyochanika. Madamu akamuuliza, na ukimuomba baba yako mdogo aliyeko Dar kwa simu? Akasema hapo siwezi kumuonyesha kiatu kwahiyo inabidi nimuelezee kimechanika wapi na bei ni shingapi ili asijishughulishe kuuliza. Madamu akaniangalia akasema mama, huyu kuandika anajua tayari, amebakiza Kingereza tu.

Na hilo ndo darasa lake lote. Kila kazi anayotoa inaanza na maswali mawili, anayaandika juu ubaoni kwa Kingereza na hayafuti: nani anasoma, na akimaliza kusoma unataka afanye nini. Hamna mtoto anaruhusiwa kushika peni kabla hajajibu hayo. Mwezi wa kwanza niliona kama anapoteza muda, mtoto anarudi na ukurasa mmoja Jumamosi nzima wakati kule kwingine alikuwa anarudi na kurasa kumi za kunakili. Sahivi naelewa.

Nieleze lile somo la barua kwa sababu ndo lilinifanya nikae kitako. Sisi wote tumelelewa na barua zinazoanza na salamu nyingi ziruke milima na mabonde zikufikie hapo ulipo, dhumuni la barua hii ni kutaka kukujulia hali, mimi ni mzima hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mtoto anabeba hiyo anaitafsiri, anamwandikia meneja wa benki "How are you, I am fine, the aim of this letter is". Walimu wengi wanachora mstari mwekundu wanaandika si sahihi, basi. Madamu alifanya kitu tofauti, aliwaambia watoto hiyo salamu ni adabu, msiione aibu, kwetu ukimwendea mtu na shida bila kumjulia hali umemdharau. Lakini mtu wa ofisini anayesoma barua 40 kwa siku, adabu kwake ni kumwambia shida yako mstari wa kwanza ili asihangaike kukutafuta. Adabu ni ile ile, anayeheshimiwa ndo amebadilika. Alafu akawatolea ile yetu ya kiofisi, husika na kichwa cha habari hapo juu, watoto wanaiandika kwa Kingereza "be concerned with the heading above", akawauliza kama kichwa cha habari kiko hapo juu na kimepigiwa mstari, msomaji hakioni? Andika unachotaka. Binti yangu alirudi nyumbani akanisomea barua ile ile ya harusi, safari hii ina mistari sita, anataja yeye ni nani na kidato gani, anaomba siku ngapi kuanzia lini mpaka lini, kwanini, na masomo atakayokosa atayafidia vipi. Ile ya mwisho Madamu hakumfundisha, aliifikiria mwenyewe kwa kujiuliza mkuu wa shule atakuwa na wasiwasi gani.

Na ile mambo ya anuani mbili, na "Yours faithfully" ukiwa umeanza na Dear Sir or Madam humjui jina, na "Yours sincerely" ukiwa umemtaja jina, hayo anayafundisha pia, mtihani unayataka. Ila anayafundisha mwisho, dakika 20, kama mtu anayekuonyesha wapi pa kutundika nguo ambayo umeshaifua.

Kuna Jumamosi aliwaambia kila mtu aandike maelekezo ya kutoka mnara wa saa mpaka sehemu fulani ya mjini, kwa Kingereza, kwa mtu ambaye hajawahi kufika Moshi. Wakabadilishana karatasi, Jumamosi iliyofuata wakaenda mjini kweli, Madamu na kofia yake mbele, kila mtoto anafuata karatasi ya mwenzake na ni marufuku kuuliza mtu. Wa kwangu alikuwa ameelekeza mtu aje mpaka kwenye meza yangu Memorial. Aliandika kata kona kwenye duka kubwa. Lipi? Mwenzake alikata kona duka la kwanza kubwa aliloliona akaishia kwingine kabisa. Binti alirudi amekasirika, anasema huyo mwenzangu hajui kusoma, usiku akaitoa karatasi akaisoma upya peke yake, nikamsikia anasema taratibu, ah, duka kubwa ni langu mimi. Alimaanisha ni yeye anayelijua, msomaji halijui. Mi sina elimu ya ualimu ila nadhani mtoto akishaona hivyo mara moja kwa macho yake huwezi kumrudisha nyuma.

Kazi nyingine waliambiwa waelezee namna ya kupika mtori. Msomaji ni mama wa Ufaransa, binti yake kajifungua, kasikia kwamba Kilimanjaro mzazi anapewa mtori apate nguvu. Binti yangu mtori anaupika toka ana miaka kumi, alimaliza nusu ukurasa akaona kazi rahisi. Madamu akamwandikia pembeni kwa penseli maswali matatu. La kwanza, umesema nunua ndizi, huyu mama ataenda dukani kwao atanunua ndizi gani? Mtoto akashtuka, kweli atanunua zile za njano mbivu, atapika uji wa ajabu. La pili, umesema chemsha mpaka ziive, atajuaje zimeiva? La tatu, nyama ina mifupa, unaponda na mifupa yake? Ile kazi aliirudia mara tatu. Ya mwisho ilisema ndizi mbichi za kijani, kwetu zinaitwa mshare, neno mshare aliliacha kama lilivyo akaeleza ndo zinazopondeka vizuri. Akaandika ziache mpaka ukizigandamiza na mwiko kwenye ukuta wa sufuria zinavunjika zenyewe, na nyama itoe mifupa kwanza. Nilijivunia sana, sitaficha. Nimepika mtori miaka yote hii na sijawahi kuusema kwa usahihi hivyo hata kwa Kiswahili.

Kuhusu kusahihisha. Peni nyekundu hatumii. Anachagua kosa la aina moja kwa wiki, wiki hii tunatafuta tensi tu, wiki ijayo tunatafuta "he" na "she" tu, mengine anayaacha kwanza hata kama anayaona. Mwanzoni nililalamika, nilimpigia nikamwambia Madamu mbona humu ndani naona makosa mengine umeyaruka, na mi mwenyewe Kingereza changu cha fom foo nayaona. Akanijibu mama, nikimrudishia daftari lote limevuja damu ataangalia maksi atalifunga. Akinirudishia kosa moja amelimaliza, hilo halirudi. Na makosa yenyewe anawaeleza yanatoka wapi, hili nalipenda sana. Sisi Kiswahili tuna yeye, hakuna yeye wa kike na yeye wa kiume, ndo maana mtoto anaandika bibi yangu "he is sick", kichwa chake hakijawahi kuhitaji kuchagua. Hatuna "a" na "the" kwahiyo mtoto anaziacha au anazimwaga popote. Tunasema nimekula hata kama ni chakula cha jana usiku, Kingereza ukishataja jana unasema "I ate", sio "I have eaten". Tunafungua redio, Mwingereza hafungui redio. Tunasema pole kwa mtu aliyejikwaa, mtoto anasema "sorry" na mgeni anashangaa kwani ni wewe umemsukuma? Mtoto akielewa kwamba kosa lake lina asili, limetoka kwenye lugha yake nzima yenye kanuni zake, haoni tena kwamba yeye ni mjinga. Wa kwangu alikuwa anajiona mjinga kabisa. Shuleni kwao kuna bango la no English no service na monita anaandika majina ya wanaoongea Kiswahili, na mtoto wangu alichojifunza hapo ni kukaa kimya. Mwaka mzima wa fom wani alikaa kimya.

Hapa ndo penye ubishi na wazazi wengine. Madamu anaruhusu Kiswahili darasani. Wanajadili kwa Kiswahili, wanapanga kwa Kiswahili, alafu wanaandika na kusimama kuongea kwa Kingereza. Kuna baba mmoja alimtoa mtoto wake kwa hilo, alisema silipi 25,000 mtoto akaongee Kiswahili, kwani nyumbani anaongea nini. Namuelewa, na kama mtoto wako yuko shule ya English medium toka chekechea labda kweli hapa sio pake. Ila kwa mtoto wa shule ya kata mi nimeona kwa macho, ukimnyang'anya Kiswahili kabla hajafikiria anabaki na vile vipande vya kukariri tu. Kwa fom thrii na fom foo anapunguza, nusu ya pili ya darasa ni Kingereza kitupu.

Upande wa kuongea. Kila Jumamosi watoto watatu wanasimama dakika tatu tatu, hamna karatasi ya kusoma, unaruhusiwa kikadi chenye maneno matano tu. Wanaosikiliza kila mmoja lazima aandike swali moja. Kucheka mtu ni kosa kubwa kuliko kukosea. Binti yangu mara ya kwanza alisimama akasema jina lake na shule yake akakaa, hata dakika haikufika. Mwezi wa saba alielezea namna ya kuchagua koti la mtumba kwa mgumu, yani mpagazi wa watalii, anayepanda mlima Kilimanjaro mara ya kwanza, maana wagumu wengi wananunua kwangu, kule juu ni mita 5,895 hapachezewi na jaketi la fasheni. Zipu ikaguliwe, mshono wa begani uvutwe, bitana inusiwe kama ina unyevu. Mambo yote hayo ameyaona mezani kwangu toka yuko mdogo na mi sikujua kama anaangalia. Hapo sio dibeti ile ya mheshimiwa mwenyekiti niko hapa kuunga mkono hoja, elimu ni bora kuliko pesa, ambayo kila mtoto ana sentensi zile zile. Dibeti nzuri ni nzuri, Madamu pia anazifanya, lakini hoja anaitoa mtoto.

Kitu kingine kidogo ila nakipenda. Kuna grupu la wasap la wazazi, mtoto akikosa darasa sio mzazi anayetuma udhuru, ni mtoto mwenyewe aandike mesej kwa Madamu kwa Kingereza, kupitia simu ya mzazi. Na anawaambia wazi, kumwandikia rafiki yako xaxa na cjui na 2po sio kosa, hiyo ni lugha ya rafiki. Kuniandikia mimi hivyo ndo kosa. Hata Kiswahili cha binti kimenyooka, siku hizi akimwandikia babu yake anaanza na shikamoo imekamilika.

Sasa mapungufu, na yapo.

Chumba ni cha bati bila siling'i. Masika yakikolea mwezi wa nne ile mvua ya Moshi ikidondoka hamna anayesikia kitu, watoto wanaandika tu kimya kimya saa nzima, na hiyo ni hela yako. Viti havitoshi, kuna benchi mbili zinayumba, binti alirudi na sketi imenasa msumari. Saa 3 aliyosema mara nyingi inakuwa 3 na nusu maana anamalizia kusahihisha, lakini mtoto wako akichelewa yeye anabaki nje mpaka mapumziko, hilo sio haki na nimemwambia. Choo ni kimoja kwa wote.

Kubwa zaidi ni idadi. Tulipoanza walikuwa 18, sahivi wako 31 na raha ya lile darasa ilikuwa Madamu anasoma kila karatasi. Mwezi wa tisa daftari lilianza kurudi baada ya wiki mbili badala ya moja, na kazi ikirudi baada ya wiki mbili mtoto ameshasahau alikuwa anawaza nini. Nilimwambia ama apunguze ama agawe asubuhi na mchana. Akasema atafikiria. Wazazi tulioko humu inabidi tumsukume, maana likifika 50 litakuwa kama kule nilikotoka, tofauti itakuwa kofia tu.

Na kwa fom foo nakuambia ukweli, usitegemee hapa peke yake. Pepa ya taifa ni masaa matatu, kuna ufahamu na ufupisho, kuna matumizi ya lugha, kuna maswali ya fasihi yenye maksi nyingi, na Madamu fasihi hagusi na ufupisho anaugusa kwa mbali. Mtoto anayefanya Novemba anahitaji mtu wa pasti pepa pembeni. Nilimlaumu kidogo kwa hili, mtihani upo na huwezi kujifanya haupo.

Matokeo ya wa kwangu, maana najua ndo mnachosubiri. Alikuwa na 31 kwenye Kingereza alipoanza, hiyo ni D ya chini kabisa, pointi mbili tu juu ya F. Kwenye moki ya fom tuu alipata 58. Ni C, B inaanzia 65, kwahiyo sisemi kuna muujiza hapa. Ila historia ilipanda pia, na baiolojia, na mwalimu wa historia alimuuliza nani anakufundisha kuandika, kwa sababu anajibu swali lililoulizwa. Nilikuwa sijafikiria kwamba hela ya Kingereza inaweza kulipa somo lingine.

Kuna siku moja mwezi uliopita alikuja mama mmoja mzungu pale Memorial, ni volantia, anataka makoti 15 ya wagumu wa kampuni anayosaidia, ananionyesha kwenye simu mi naelewa nusu. Binti alikuwa amenifuata baada ya shule. Hakuongea Kingereza cha kwenye tivii, aliongea taratibu na kuna sehemu alikwama akatafuta njia nyingine, lakini walielewana. Jioni yule mama akaomba aandikiwe mesej ya oda yote aipeleke ofisini kwao. Nilimwangalia mwanangu alivyokaa na simu, kabla hajaandika chochote aliniuliza, mama, anayesoma hii ni yeye au bosi wake? Nikasema bosi. Basi akaandika sisi ni nani na tupo wapi sokoni, makoti mangapi saizi gani, bei ya moja na jumla, lini yatakuwa tayari, na kwamba wanaweza kuja kuyakagua kabla ya kulipa. Mistari saba. Walikuja Alhamisi wakachukua yote.

Kwa mtoto wa shule ya kata, fom wani na fom tuu hasa, ambaye amenyamaza na wewe mzazi unaona amenyamaza, mpeleke. Kwa mtoto anayetaka kunolewa kwa mtihani wa mwezi ujao, tafuta kwingine au changanya. Hela unaweza kulipa mara mbili, nusu nusu, unatuma kwa M-Pesa na anaandika kwenye daftari lake, risiti hatoi kwahiyo tunza mesej. Wapya siku hizi anapokea Januari na mwezi wa saba tu, na siku ya kwanza atataka kukaa na mzazi na mtoto pamoja, usimtume mtoto na bodaboda. Anunue kaunta buku mbili za kwaya mbili, moja ya kazi ya kwanza kwanza yenye fujo zake na moja ya kazi iliyosafishwa, na zile za fujo asichane hata ukurasa mmoja, Madamu anazihesabu.